Siku Mia Moja na Nne Bila Nukta

Kufikia Jumatano ya wiki ya kwanza, Wilkista alikuwa ameandika mvua ya miaka sita, na kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimefura kama andazi.

Kazi yenyewe aliletewa na Robert, meneja mpya, kijana mpole ambaye kila kitu kwake kilikuwa cha haraka. Kampuni ilitaka kung'oa michai ya zamani katika vitalu vya chini vya shamba lake la Kericho, ile iliyopandwa kabla Wilkista hajazaliwa, na kupanda aina nyingine. Lakini kabla ya kung'oa, wataalamu walitaka kujua kama mvua ya pale imebadilika. Jibu lilikuwa kwenye rejista thelathini na mbili zilizosongamana kwenye rafu nyuma ya mlango wa ofisi, kuanzia mwaka 1986 hadi 2017, kabla ya kuletwa kile kipimo kipya cha betri kinachojisomea chenyewe. Kila siku ilikuwa na namba yake moja. Meneja alitaka namba zote ziwe kwenye eksel baada ya wiki mbili.

"Ni namba tu, Mama," alisema, akaenda zake kiwandani.

Wilkista alipiga hesabu kwenye simu. Siku elfu kumi na moja, mia sita themanini na nane. Alikuwa karani wa ofisi hiyo kwa miaka ishirini na sita, amebakiza miezi minane astaafu, na alikuwa amejifunza kwamba ukilalamika kazi haipungui, yanazidi maneno tu.

Mvua yenyewe ilikuwa ikipimwa kwa geji, kama walivyoiita wote pale: mkebe wa shaba uliozikwa nusu kwenye nyasi nyuma ya ofisi, wenye mdomo wa faneli na chupa ndani yake. Kila asubuhi saa tatu mpimaji aliitoa chupa, akamimina maji kwenye glasi nyembamba yenye mistari, akasoma milimita na sehemu ya kumi ya milimita, akaandika. Kwa hiyo karibu kila namba ilikuwa na nukta ndani yake. 34.6. 0.8. 11.2.

Na nukta ndiyo iliyommaliza. Kibodi ya ofisi ilikuwa kuukuu. Upande wa kulia, penye namba zilizopangwa kama za simu, kitufe cha nukta kilikuwa kimekufa. Kila alipofika kwenye nukta ilibidi mkono uruke hadi upande wa herufi, ubonyeze, urudi. Tatu, nne, ruka, nukta, rudi, sita, Enter. Anainua macho ahakikishe, anayashusha, kidole cha kushoto kinatafuta mstari kwenye rejista, kinapotea, anaanza kuhesabu siku upya. Miaka hiyo sita ya kwanza ilikuwa ya marehemu Onyiego, mpimaji aliyeandika kwa wino wa buluu na herufi zilizolala kama nyasi iliyopigwa na upepo. Siku kavu aliandika "Nil", na Wilkista akaweka sifuri.

"Mama Adongo, huo mkono utakatwa," alisema Phyllis alipomwona akiukanda.

Phyllis alikuwa karani mwenzake, binti wa Kapkatet mwenye miaka ishirini na sita, aliyeshughulika na mahudhurio ya wachumaji. Kompyuta ilikuwa moja. Yeye aliitumia saa ya kwanza ya asubuhi, kisha akamwachia Wilkista.

"Nitafanyaje? Pointi haishiki."

"Kwani unaandika pointi?"

"Nisipoandika itajiandika?"

"Ee, itajiandika." Phyllis akavuta kiti. "Songa kidogo."

Akafungua mipangilio ya eksel, akashuka mpaka mahali ambapo Wilkista hakuwahi kufika katika maisha yake yote ya ofisi, akatia alama kwenye kisanduku kimoja kidogo, na kando yake akaandika moja.

"Sasa andika tatu, nne, sita. Usiweke pointi. Enter."

Wilkista akaandika. Kwenye seli ikatokea 34.6, na kile kimraba kikashuka chenyewe hadi mstari uliofuata.

"Andika nane."

Ikatokea 0.8.

"Inahesabu sehemu moja kutoka nyuma," Phyllis alisema. "Wewe macho yako yakae kwa rejista. Usiangalie skrini. Vidole vitatu tu, kile cha katikati kikae kwa tano. Hapo kuna kidonge kidogo, umekisikia? Usikiache. Mwisho wa mwezi ndio uangalie jumla: ikilingana na ile ya chini ya ukurasa, unaendelea."

Wilkista alijaribu mwezi mmoja mzima. Ulimchukua muda wa kunywa nusu kikombe cha chai. Aliutazama mkono wake kama mtu aliyebeba kuni kichwani miaka yote na kuambiwa leo kwamba kuna mkokoteni nyuma ya nyumba.

"Na hii kitu ilikuwa hapa siku zote?"

"Siku zote, Mama."

Alhamisi hiyo aliandika miaka mitano. Asubuhi iliyofuata Phyllis aliketi kuingiza mahudhurio, na baada ya muda akaanza kucheka peke yake.

"Mama, kitalu cha sita leo wamekuja watu wanne na pointi nane."

"Nini?"

"Nimeandika arobaini na nane. Setingi yako iko on bado. Kitalu cha saba ni watu tano na pointi moja." Akafuta, akaonyesha kwa kalamu maneno madogo yaliyo chini kabisa ya skrini. "Hapa ndipo inakuambia kama imewashwa. Ukiwa na namba nzima, saba kwa mfano, usiandike saba. Andika saba sifuri. Ama uizime."

Wilkista alicheka pia, lakini hilo la namba nzima halikumkaa sana kichwani. Rejista alizokuwa akiziandika sasa hazikuwa na namba nzima. Zilikuwa za Joab.

Joab Omollo alikuwa mume wake. Aliipima mvua ya shamba hilo kuanzia mwaka 1992 hadi 2014, miguu ilipomkatalia, na miaka miwili baadaye Wilkista akamzika kwao Rachuonyo. Joab aliandika kila namba na nukta yake. Milimita kumi na mbili kamili kwake ilikuwa 12.0. Siku kavu ilikuwa 0.0. Jumla za mwezi alizipiga mstari kwa rula. Wilkista alikuwa ameogopa kidogo kukutana na mwandiko huo, lakini uchovu ulimsaidia. Ukiandika kwa kasi, mwandiko wa mtu unakuwa namba tu, na namba zinaingia kwa jicho na kutokea kwa kidole bila kupita moyoni. Iliyomsumbua ni shingo. Alikuwa akirudi nyumbani saa kumi na nusu, anapika ugali mdogo, anakula nusu, na bado anaona mistari ukutani.

Jumanne ya wiki ya pili aliufikia mwaka 2008.

Alijua utafika. Tangu Ijumaa alikuwa akiuona kwenye rafu, mgongo wake wa kijani, na kila alipourudia alijiambia kwamba hapo atapumzika, maana kurasa za mwanzo zitakuwa tupu. Ule ulikuwa mwaka wa vurugu za uchaguzi. Jioni ya tarehe moja Januari watu walikuja kwenye nyumba za wafanyakazi, wakavunja mlango wao, na alfajiri ya tarehe mbili Wilkista, Joab na binti yao Adongo walipandishwa lori la kampuni na wenzao wengi waliotoka upande wa ziwani, wakapelekwa kituo cha polisi, kisha makwao. Walirudi katikati ya Aprili, kampuni ilipowaita. Nani angepima mvua siku hizo?

Alifungua ukurasa. Tarehe moja ilikuwa ya Joab: 3.4. Kuanzia tarehe mbili mwandiko ulibadilika, na ukurasa ulikuwa umejaa hadi chini.

Hakutaka kuutazama sana. Aliinamisha kichwa akaandika haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye mbwa. Januari, Februari, Machi, Aprili hadi mwandiko ulipobadilika tena. Hapo ndipo akainua macho aangalie jumla za nyuma. Chini ya ukurasa wa Machi mtu alikuwa ameandika 171. Eksel ilisema 17.1.

Machi ya milimita kumi na saba, Kericho? Hata mtoto wa shule angekataa. Ndipo Wilkista akasoma kwa macho ya kweli. 12. 7. 0. 31. 5. Hapakuwa na nukta hata moja. Alirudi hadi Januari, akaenda mbele hadi tarehe kumi na nne Aprili. Siku mia moja na nne, na zote zilikuwa namba nzima. Tarehe kumi na tano ilikuwa ya Joab tena, na nukta yake: 8.6.

Akakumbuka. Asubuhi hiyo ya kurudi, Joab aliifungua rejista hii hii, akageuza kurasa polepole, akaifunga. "Wamebuni," alimwambia. "Mtu anayepima kweli hapati namba nzima siku mia moja." Alidhani karani mkuu wa wakati huo alikaa mezani akajaza tu, wakubwa wasije wakauliza. Hakulizungumza tena.

Wilkista alimpelekea meneja rejista. Robert aliitazama mara moja.

"Kama ni za kubuni tunafuta, Mama. Afadhali pengo kuliko uongo."

"Na kama si za kubuni?"

"Utajuaje? Ni miaka kumi na tano." Kisha, kwa upole, "Una mpaka Ijumaa."

Ingekuwa rahisi kufuta. Angezitia kivuli seli zote, akabonyeza kitufe kimoja, akaenda nyumbani. Wilkista alikaa mbele ya skrini, kidole kikiwa juu ya kitufe hicho, na uchovu wote wa wiki mbili ukimwambia abonyeze. Phyllis alikuja kuchukua funguo za stoo, akainama juu ya bega lake.

"Huyu ni mzee Johana," alisema.

"Nani?"

"Mzee Johana Kiptanui. Ona hii saba yake, ameikata katikati, halafu mguu ameupinda. Yeye ndiye mwandishi wa kanisa letu. Vitabu vyote vya ubatizo ni mwandiko huu. Wangu pia."

Wilkista aliondoa kidole kwenye kibodi.

Johana Kiptanui alikuwa jirani yao, ukuta kwa ukuta, kwa miaka kumi na minne. Alikuwa kwenye kikosi cha kupogoa michai. Wake zao waliazimana chumvi na mkaa. Na jioni ile ya tarehe moja Januari, mlango ulipoanguka, Joab alimwona kati ya watu waliosimama uani, mikono nyuma. Waliporudi Aprili, Joab hakumsalimia. Wilkista naye akafuata mumewe. Kiptanui hakuwahi kuja kusema lolote. Walipitana njiani hivyo hadi mzee huyo alipostaafu na kuhamia shambani kwake, na tangu hapo, wakikutana sokoni Kapkatet, kila mmoja alikuwa na kitu cha kutazama upande mwingine.

Siku iliyofuata, saa kumi na nusu, aliifunga rejista kwenye mfuko wa nailoni na kuchukua bodaboda.

Nyumba ilikuwa ya mabati ya buluu, na chai ya nusu ekari ikishuka nyuma yake hadi mtoni. Mama mmoja alikuwa akimwaga maji ya kuoshea vyombo. Alikuwa Rebeccah, mke wa Kiptanui, mwembamba kuliko alivyomkumbuka.

"Chamgei," Wilkista alisalimu kwa lugha yao akiwa langoni.

Rebeccah alisimama na beseni mkononi. "Chamgei mising," akajibu, akiliweka chini. "Mama Adongo? Ni wewe? Karibu. Karibu ndani."

Kiptanui alikuwa amekaa sebuleni na redio. Alipomwona alijaribu kuinuka, Wilkista akamwashiria asiinuke. Rebeccah alileta chai ya maziwa, akamimina, akatoka nje bila kuambiwa. Walikunywa. Waliulizana habari za watoto. Adongo yuko Kisumu, ana watoto wawili. Yule wao wa kwanza anafundisha shule huko Ndanai. Maneno yalipoisha, Wilkista alitoa rejista kwenye mfuko na kuifungua juu ya meza.

"Baba Chebet, nimekuja kwa kazi. Ni wewe uliandika hizi?"

Mzee aliushika ukurasa mbali na macho, kisha karibu.

"Ni mimi."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna mtu alinituma."

"Ulipima, ama uliandika tu?"

Hilo lilimuuma, Wilkista aliona. Mzee aliweka rejista chini. "Nilipima. Kila siku saa tatu. Nilikuwa naweka makasi chini, naenda, narudi. Supavaisa alidhani naenda choo."

"Kwa nini hakuna pointi?"

"Pointi ningetoa wapi? Glasi haikuwa. Nilitafuta kwa stoo, nilitafuta kwa ofisi, hakuna glasi. Nikatoa ile chupa ya ndani, nikaacha maji yaanguke kwa mkebe wenyewe. Mkebe na faneli upana ni moja, si ndiyo? Basi maji ikisimama ndani, urefu wake ndio mvua. Nikachukua rula ya Chebet ya shule, nikakata ule mwisho wake kwa msumeno ianze kwa sifuri sawasawa. Nikawa natumbukiza. Rula ya mtoto haina pointi, Mama Adongo. Ina milimita tu. Nikiona iko kati, naangalia iko karibu na gani."

Glasi ilikuwa wapi, yeye alijua. Alfajiri ile ya lori, sufuria zimebaki, cherehani imechukuliwa, blanketi ni moja kwa watu watatu, Joab alipanda na mfuko mdogo. Walipofika kituoni alitoa humo soksi, na ndani ya soksi ilikuwa glasi ya kupimia mvua. Wilkista alimfokea mbele za watu. Umeacha vyombo vya mtoto kulia, umebeba hii? Joab alisema aliogopa ingevunjwa.

"Ilikuwa na sisi," alisema. "Joab alienda nayo."

"Glasi?"

"Ndani ya soksi."

Kiptanui alimtazama. Kitu kama kicheko kilipita usoni mwake, kikakosa pa kutua. "Joab," alisema tu, na kutikisa kichwa.

Nje ng'ombe alilia na Rebeccah akamjibu kwa kumwita jina. Wilkista alijua anaweza kufunga rejista sasa. Alichotumwa na kazi alikuwa amekipata: namba zilikuwa za kweli. Lakini alikuwa amechoka, na alichoka zaidi kubeba lile jingine.

"Na ile jioni, Baba Chebet?"

Mzee alizima redio, ingawa ilikuwa ikinong'ona tu.

"Nilisimama," alisema. "Sikushika kitu chenu hata kijiko. Mungu anajua. Lakini nilisimama pale. Nikasema ndani ya roho, mtu mwingine ataongea, mtu mkubwa kuliko mimi. Hakuna mtu aliongea. Na mimi sikuongea."

"Joab alikuona."

"Najua. Tuliangaliana."

"Ndiyo ukapima mvua?"

"Kesho yake nilipita hapo kwa ofisi. Nikaona geji iko peke yake kwa nyasi. Usiku ilikuwa imenyesha." Aliangalia mikono yake. "Sikujua kitu ingine ya kufanya. Nikaona, wakirudi, angalau hiyo isikuwe imepotea."

"Mbona hukumwambia? Mliishi hapo miaka baada ya hapo. Alikufa akiamini hizi ni za kubuni."

"Alisema hivyo?"

"Alisema."

Mzee alisogeza kando kikombe chake, chai ikiwa imeweka utando.

"Ningemwambia nini?" alisema. "Nilisimama mlangoni kwako, halafu nikakupimia mvua? Hiyo ni kitu ya kuambia mtu?"

Wilkista alitafuta ndani yake hasira aliyoizoea na kuipata palepale, haijaenda popote. Kando yake sasa kulikuwa na mtu mwenye rula iliyokatwa akiinama kwenye nyasi saa tatu asubuhi, siku mia moja na nne. Hivyo viwili havikutaka kulingana, na yeye hakuwa na nguvu za kuvilazimisha. Hakusema amesamehe. Hakuulizwa. Alimaliza chai yake, kwa sababu Rebeccah angeumia akiikuta kwenye kikombe.

Kiptanui alimsindikiza hadi barabarani akiegemea fimbo, polepole. Bodaboda ilipokuja, alisema, "Msalimie Adongo. Kama atakubali."

"Nitamwambia," alisema Wilkista.

Jioni hiyo alimpigia binti yake. Adongo alikuwa na miaka kumi na miwili walipopanda lori. Alisikiliza hadi mwisho.

"Sawa, Mama," alisema. "Alipima mvua. Na cherehani yako?"

"Hakuchukua yeye."

"Lakini anajua nani alichukua."

Wilkista hakuwa ameuliza hilo, na alipofikiri aliona kwamba hakuwa amesahau. Alikuwa hakutaka jibu. Waliongea habari za wajukuu, wakaagana.

Alhamisi asubuhi alimweleza Phyllis kwamba namba ni nzima, kwamba alizitia zikiwa ndogo mara kumi, na kwamba inabidi aziandike upya, kila moja na sifuri yake nyuma.

"Zote? Usijisumbue." Phyllis alizima ile setingi kwanza, akaandika kumi kwenye seli tupu pembeni, akaikopi, akazitia kivuli zile siku zote, akabandika kwa kuzidisha. Mara moja 1.2 ikawa 12, 3.1 ikawa 31, na Machi ikasimama kwenye 171. Kisha akaifuta ile kumi.

Wilkista alitazama. Alikuwa amejiandaa kuziandika moja moja kwa mkono wake, aone kila siku. Lakini mkono ulimshukuru Phyllis, na hakuweza kujifanya vinginevyo.

"Sasa nikuwekee sifuri nyuma zote zifanane? Kumi na mbili pointi sifuri?"

Wilkista alifikiri. Joab angeandika 12.0, na angekuwa na haki, kwa sababu glasi yake ilikuwa imeona ile sifuri. Rula haikuiona.

"Hapana. Acha zikae hivyo hivyo."

Alipanua safu ya pembeni, akaandika kwenye kila mstari kuanzia tarehe mbili Januari hadi kumi na nne Aprili: Imepimwa kwa rula, milimita nzima. J. Kiptanui. Hilo aliliandika mara moja na kulivuta chini. Halafu akawasha setingi tena, akaweka kidole cha katikati kwenye tano, akaendelea na tarehe kumi na tano.

Alimaliza Ijumaa saa nane mchana. Siku ya mwisho ya 2017 ilikuwa 0.0. Alituma faili kwa meneja, akaegemea kiti, akafumba macho. Hakusikia furaha aliyodhani ingekuja. Alisikia mgongo.

Robert alikuja mwenyewe, amebeba kompyuta yake imefunguka.

"Kazi safi, Mama. Safi kabisa. Hii safu ya maelezo ya mwaka 2008, lazima ikae? Wataalamu wanapenda namba peke yake."

"Lazima ikae."

"Huyu J. Kiptanui ni nani?"

"Alikuwa wa kikosi cha kupogoa," Wilkista alisema. "Alipima mvua tulipokuwa hatuko."

Robert alisubiri kama kuna zaidi. Alikuwa mtoto mdogo mwaka huo, na alilelewa mbali na pale. Kisha akaitikia kwa kichwa. "Basi ikae." Alifika mlangoni akageuka, na kwa uso wake Wilkista alijua kinachokuja kabla hakijatamkwa. "Wameuliza pia kama tuna za joto. Kila siku namba mbili, ya juu na ya chini. Nimeona rejista ziko kwa ile rafu ya pili."

Wilkista aliitazama rafu ya pili. Alikuwa na miezi minane kasoro wiki mbili.

"Jumatatu," alisema, akaanza kutafuta viatu vyake chini ya meza.